Uso wa Shakila

Shakila Saidi alipofariki Agosti 2016, nyumbani kwake Mbagala jijini Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 69, alitajwa kwa sifa alizostahili: malkia wa taarab, sauti ya Tanga, mkongwe wa vikundi vya Black Star, Lucky Star na JKT. Zote zilikuwa sifa za mwimbaji. Naandika safu hii kwa sababu naamini mwanamke huyu wa Pangani alikuwa pia mmoja wa waigizaji wakubwa wa jukwaa ambao pwani yetu ya kaskazini imewahi kuwa nao. Kwa kuwaachia watu wa muziki peke yao wamzungumzie, tumejinyima somo ambalo waigizaji wetu wa filamu wanalihitaji sana.

Sisemi hivi kwa kumpamba marehemu. Mwigizaji husimama mbele ya watu, akasema maneno yaliyotungwa na mtu mwingine, akiwa katika hali ambayo huenda si yake saa ile, na watu wakamwamini. Mwimbaji wa taarab hufanya hayo yote, tena bila kubadilisha mavazi, bila mapambo ya jukwaani, bila mwenzake wa kujibizana naye. Ana beti chache, uso mmoja na mikono miwili. Asipoaminika, wimbo unapita na watu wanaendelea na mazungumzo yao. Akiaminika, mwanamke mzima mwenye watoto na wajukuu anainuka kwenye kiti chake huku machozi yanamtoka.

Shakila alizaliwa Pangani mwaka 1947. Mji huo hutajwa zaidi kwa vita vya 1888 na 1889 na kwa Abushiri bin Salim aliyenyongwa hapo na Wajerumani Desemba 1889. Vita hivyo vilipata mshairi wake palepale pwani, Hemedi bin Abdallah al-Buhry wa Tanga, aliyevitungia utenzi. Lakini kwa maisha ya Shakila jambo lenye uzito zaidi lilitokea miaka michache baadaye, Kikogwe, karibu na mji huohuo: miche 62 ya mkonge iliyosalimika kati ya ile aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893 ilipandwa hapo. Kutokana na miche hiyo yakaja mashamba ya Amboni, Muheza na Korogwe, ikaja bandari yenye kazi usiku na mchana, wakaja watu wa kila kabila wakitafuta mshahara. Mshahara ndio uliozaa hadhira. Mtu anayelipwa mwisho wa mwezi ana shilingi ya kiingilio, na akiupenda wimbo ana shilingi nyingine ya kumtunza mwimbaji.

Basi Tanga ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa mji wa vilabu. Ndani ya mitaa ya Ngamiani, kwenye barabara zake za namba, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walikuwa wakipiga dansi, na vikundi vya taarab vilikuwa vikipiga jirani yao. Mpiga gitaa wa dansi na mpiga gitaa wa taarab waliweza kuwa watu wanaokunywa kahawa baraza moja. Hili ni jambo la kuliangalia vizuri, maana ndilo lililobadilisha jukwaa alilopanda Shakila.

Taarab ya Unguja, kwa mfano wa Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikua ikitazama Misri. Ni muziki wa kundi kubwa: fidla kadhaa, kanuni, udi, nai, watu wameketi safu kwa safu. Mwimbaji ni sehemu ya jengo kubwa. Akinyamaza, fidla zinaendelea kumsemea, na huzuni ya wimbo imeshagawanywa kwa wengi kabla haijamfikia yeye. Black Star Musical Club ya Tanga ilipunguza watu. Ilileta gitaa la umeme na gitaa la besi, akodiani, ngoma ndogo, na mapigo ambayo wanawake wa pwani ya Mrima waliyajua tangu zamani katika ngoma zao, likiwamo chakacha. Mabadiliko hayo yaliigwa Mombasa na hata Burundi, na santuri za Tanga zilizotolewa na kampuni ya Mzuri ya Mombasa zilisafiri mbali kuliko wapigaji wenyewe. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikusanya baadhi ya rekodi hizo za Black Star na Lucky Star katika sahani iliyoitwa Nyota. Wanaoandika juu ya muziki wameyaeleza hayo vya kutosha.

Ambalo halijaelezwa vya kutosha ni hili: kundi lilipopungua, mwimbaji alibaki wazi. Nyuma yake kuna watu wachache tu. Mbele yake kuna maikrofoni moja, na baada ya maikrofoni kuna macho. Maikrofoni ilimruhusu aimbe kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake chumbani, asihitaji kupaza ili afike mwisho wa ukumbi. Na sauti ikishashuka kiasi hicho, watu hutaka kuona uso unaoitoa. Jukwaa la Tanga, pasipo mtu kukusudia, lilimtaka mwimbaji wa kike awe mwigizaji.

Nyimbo za Shakila zilizobaki zinaonyesha kwamba aliijibu haja hiyo mapema. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya juu, yenye makali kidogo mwanzoni mwa mshororo, halafu ikilegea mwishoni. Sikiliza anavyozichukua silabi za mwisho. Waimbaji wengi huzivuta ili kuonyesha pumzi. Yeye mara nyingi huziachia mapema kuliko unavyotarajia, kana kwamba neno limemshinda kulimaliza, na gitaa linaingia kulisaidia. Huo ni uamuzi wa mwigizaji. Mtu aliyeumia hamalizi sentensi zake vizuri.

Tuuchukue ule wimbo uliombeba kuliko nyingine zote, Macho Yanacheka. Kila mtu wa pwani anajua habari yake: mtu anayeonekana ana furaha, na ndani anaangamia. Mpe mwigizaji yeyote kazi hii uone ugumu wake. Akionyesha huzuni usoni, amelivunja jambo lenyewe, kwa sababu macho yanatakiwa yacheke. Akionyesha furaha tupu, hakuna wimbo. Inambidi aonyeshe furaha ambayo watazamaji wataigundua wenyewe kuwa si ya kweli, tena waigundue bila yeye kuwakonyeza. Katika chuo cha uigizaji, zoezi la namna hii lingekuwa gumu hata kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho. Shakila alilifanya mbele ya watu waliolipa kiingilio, huku akitunza mapigo na mizani ya shairi.

Nani anasema katika wimbo ule? Mashairi ya taarab hutungwa na watu wengi, wengine hawapandi jukwaani kabisa, na mara kwa mara mtunzi ni mwanamume anayempa mwanamke maneno ya kuimba. Kwa hiyo “mimi” wa wimbo ana watu watatu ndani yake. Kuna mtunzi na kisa chake, pengine cha kweli, ambacho hataki kijulikane. Kuna mwimbaji aliyekikopa kisa hicho na anakisimamia kwa uso wake. Na kuna msikilizaji, ambaye ameketi pale na kisa chake mwenyewe, na ambaye kabla ubeti wa pili haujaisha ameshaufanya wimbo kuwa wake. Mwimbaji hodari huwaacha wote watatu wakae ndani ya neno moja. Akiuelemeza wimbo upande wake, akautia tabasamu linalosema “hili lilinipata mimi”, amemfungia mlango msikilizaji. Nguvu ya Shakila ilikuwa kuacha mlango wazi.

Mfaransa Denis Diderot aliandika katika karne ya 18 kwamba mwigizaji mkubwa ni yule asiyeuhisi uchungu anaouonyesha, kwa sababu anayelia kweli usiku wa leo hataweza kulia vilevile usiku wa kesho. Wengine wamembishia tangu hapo. Mimi nadhani waimbaji wa Tanga wana jibu lililo bora. Shakila aliimba nyimbo zilezile kwa miongo kadhaa, kutoka ujana hadi uzee, na maana yake ilibadilika kadiri yeye alivyobadilika. Kifo cha Mahaba kikiimbwa na msichana ni hofu ya jambo lijalo. Kikiimbwa na mwanamke mtu mzima ni hesabu ya yaliyokwisha pita. Maneno hayakubadilika, sauti ndiyo ilizeeka ikajua zaidi. Sauti hiyo haiwezi kusemwa kwamba haikuhisi kitu.

Tena tusisahau alivyosimama. Mwimbaji wa kike wa taarab ya enzi ile hakuwa akicheza jukwaani. Alisimama. Mkono mmoja kwenye maikrofoni au kando ya mwili, mwingine ukinyanyuka mara chache, kwa sababu. Kulikuwa na heshima ndani yake: mwanamke wa Kiislamu wa mji mdogo aliyekubali kuimba mbele ya wanaume alikuwa anatembea juu ya uzi mwembamba, na kutulia kwake kulimwambia kila mtu kwamba amekuja kwa ajili ya maneno. Lakini utulivu huo ulikuwa pia ufundi. Mwili ukitulia kabisa, jicho likigeuka kidogo tu ukumbi mzima unaona. Mwigizaji wa filamu anayefanya kazi na kamera iliyomkaribia huambiwa jambo hilohilo: punguza, punguza tena.

Wanawake hawa waliupata wapi ufundi huo, ikiwa hapakuwa na chuo? Nadhani tutafute ndani ya nyumba. Pwani yote hii, kabla ya klabu na kabla ya redio, wanawake walikuwa na michezo yao isiyoonwa na wanaume: ngoma za unyago, ambamo somo humfundisha mwari kwa nyimbo na kwa vitendo, na ngoma za arusi ambamo mwanamke mmoja hujifunga kanzu akamwigiza mume mlevi, mwingine akawa mke mwenza, na wenzao wakacheka hadi wakakaa chini. Kulikuwa na lelemama na ushindani wake wa vyama. Wanaume nao walikuwa na beni, na Tanga ya mwanzoni mwa karne iliyopita ilijua jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa sare, vyeo na gwaride. Watu wa mji ule walizoea kuuona ushindani ukichezwa badala ya kupiganwa. Msichana aliyekulia katika mazingira hayo hakuanzia sifuri alipofika mbele ya maikrofoni ya Black Star.

Ushindani huo ndio unaonileta kwenye sehemu ya onyesho la taarab ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni kutunza. Mwanaanthropolojia wa Marekani Kelly Askew, aliyekaa Tanga na kupiga muziki na bendi za mji huo, alilieleza jambo hili kwa makini katika kitabu chake cha 2002, na kila mtu wa pwani aliyewahi kuhudhuria taarab atakiri kwamba aliona sawasawa. Mwanamke anainuka kutoka kwenye viti. Haendi haraka. Anakuja akicheza taratibu, noti mkononi, na anapitia njia ambayo si fupi kuliko zote, kwa sababu anataka apite mbele ya kiti fulani. Amengoja mshororo wake. Mshororo ukifika, mkono unanyanyuka, noti inaonekana, jicho linatupwa upande. Ukumbi mzima unajua, au unadhani unajua, nani ameambiwa. Kisha pesa inawekwa mkononi mwa mwimbaji, na mwanamke yule anarudi kwenye kiti chake akiwa amesema lote aliloshindwa kulisema mtaani, na hakuna awezaye kumshitaki kwa neno hata moja. Maneno yalikuwa ya mtunzi, sauti ilikuwa ya mwimbaji, yeye ametoa zawadi tu.

Sasa mwangalie mwimbaji katika dakika hiyo. Mbele yake kuna ugomvi wa kweli wa watu anaoishi nao mji mmoja. Mshororo wake umegeuzwa silaha. Akimtazama mtunzaji kwa macho ya kumuunga mkono, amejiingiza. Akimkwepa, amemdharau mtu aliyemheshimu mbele ya watu. Na pengine mlengwa naye anainuka, anakuja kutunza mshororo uleule, akaurudisha ulikotoka! Mwimbaji anapokea noti ya pili kama alivyopokea ya kwanza, anaendelea na ubeti, na uso wake lazima uwe wa wote wawili. Sijui jukwaa lingine linalomtaka mwigizaji acheze na watu ambao hawakufanya mazoezi naye, wenye visa vya kweli, usiku kwa usiku, bila kukosea hata mara moja, kwa sababu kosa litamfuata sokoni kesho asubuhi. Vikundi vya maigizo vya Ulaya vilipoanza katika karne ya 20 kuvunja ukuta kati ya jukwaa na watazamaji, viliandikiwa vitabu vingi. Tanga haikuwa na ukuta wa kuvunja.

Mbona basi sanaa hii haikufika kwenye sinema? Swali hili ni la haki, kwa sababu mkoa wa Tanga uliiona kamera mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe, palikuwa makao ya mradi wa filamu wa Waingereza uliosimamiwa na Leslie Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu fupi 35 za kuwaelimisha Waafrika juu ya kodi, benki ya posta, safura, kilimo, na wakawatumia wenyeji kama waigizaji. Watu wa Usambara walikuwa mbele ya kamera miaka kumi na zaidi kabla Shakila hajazaliwa. Lakini kamera ile ilikuja na jibu lake tayari. Mwenyeji alihitajika aonyeshe kosa kisha aonyeshe usahihi, na uso wake haukuwa na siri ya kuficha. Waliokuwa na sanaa ya fumbo hawakuulizwa kitu.

Misri ilikwenda njia nyingine kabisa. Studio za Cairo zilipoanza kukua, ziliwafuata waimbaji kwanza. Umm Kulthum alicheza filamu sita, kutoka Widad ya 1936 hadi Fatma ya 1947. Asmahan alikufa mwaka 1944 akiwa nyota wa sauti na wa skrini pia. Wamisri walitambua kwamba mwanamke anayeweza kulishika jumba zima kwa mshororo mmoja ameshajua nusu ya kazi ya sinema. Bombay nako nyimbo na filamu zilikuwa kitu kimoja. Filamu hizi zote zilifika kwetu. Watu wa Tanga walijipanga kwenye jumba la sinema la Majestic kuziona, wakatoka wakipiga miluzi ya nyimbo zake, na baadhi ya sauti hizo zikaingia kwenye taarab. Ukiangalia majina ya waimbaji wa kike wa Lucky Star, kundi lililotokana na Black Star na ambalo Shakila naye aliliimbia, utakuta Sharmila na Asmahan. Hakuna mtazamaji wa sinema wa miaka ile aliyeyasikia majina hayo akakosa kukumbuka skrini. Jukwaa la Tanga lilikuwa linajiona ndani ya sinema, ila sinema haikuliona.

Serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na filamu za hadithi zilizotoka katika miaka iliyofuata zilikuwa chache mno. Zilipotoka, walioitwa kuigiza mara nyingi walikuwa watu wa tamthilia za vyuo. Walikuwa hodari, sina ubishi nao. Profesa Amandina Lihamba katika Maangamizi ya 2001, akiwa mgonjwa ambaye ameacha kusema, alitoa mojawapo ya kazi nzito kabisa za uigizaji wa kike katika filamu zetu. Lakini kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kilabu cha Ngamiani hapakujengwa njia. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, kiko pwani hiihii, na kimefundisha ngoma, muziki, sarakasi na maigizo, kila fani na mwalimu wake. Mwimbaji wa taarab alihesabiwa upande wa muziki, na hapo ndipo alipobaki.

Shakila mwenyewe alihamia Dar es Salaam na kuimbia JKT Taarab. Ilikuwa njia ya kawaida kwa wasanii wa wakati huo: jeshi, polisi, mashirika ya umma na chama ndivyo vilivyokuwa na vyombo, magari na mshahara. Alipata jukwaa la nchi nzima, na Radio Tanzania ikaipeleka sauti yake hadi mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona bahari. Nadhani alipoteza kitu pia. Hadhira ya Tanga ilimjua kila mtu aliyekuja kutunza na sababu yake. Hadhira ya ukumbi mkubwa wa Dar es Salaam ilijua wimbo, haikujua visa vya mtaa. Ule mchezo wa watu watatu ndani ya neno moja ukabaki na wawili.

Kisha ikaja mipasho. Vikundi vya TOT na Muungano vilipoingia katika ushindani wao wa miaka ya 1990, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, taarab ilipata nguvu mpya ya jukwaa: wanawake waliotembea, waliocheza, waliomnyooshea kidole mpinzani aliyejulikana kwa jina. Sikubaliani na wale wanaosema hapo ndipo sanaa ilipokufa. Khadija Kopa ni mwigizaji mwenye kipaji kikubwa sana, anayeweza kulijaza jukwaa kwa bega moja tu. Lakini ni uigizaji wa aina nyingine. Katika mipasho, mwimbaji ndiye mgomvi. Watazamaji wamekuja kumshangilia au kumzomea, na visa vyao wenyewe vimewekwa kando. Ukitaka kujua tofauti, angalia noti inapokwenda. Kwa Shakila noti ilipita mbele ya kiti cha adui wa mtunzaji. Kwenye mipasho inaenda moja kwa moja kwa mwimbaji, kuonyesha kambi.

Filamu za video nazo zilianza kuenea. Girlfriend ya 2003 ilipofungua milango, waigizaji kama Monalisa wakawa majina ya kila nyumba, na ndani ya miaka michache Dar es Salaam ilikuwa ikitoa filamu nyingi kuliko mtu angeweza kuziangalia. Filamu hizo ziliipenda Tanga kwa jambo moja: mwanamke wa Tanga kama mhusika aliyekwisha pangwa, fundi wa mahaba na mwenye dawa, ambaye mwanamume akienda kwake harudi. Msemo wenyewe upo tayari, wa kuuliza kwa kejeli: Tanga waja leo, waondoka leo? Mhusika huyo anazungushwa macho, anavutwa sauti, anafukiziwa udi, basi. Inaniuma kila nikimwona. Mji uliotoa mabingwa wa kuonyesha penzi bila kulitamka umegeuzwa kichekesho cha penzi linalotamkwa kupita kiasi. Mwongozaji aliyewahi kumsikiliza Shakila kwa makini asingemwambia mwigizaji wake azungushe macho.

Hata hivyo Pangani yenyewe imetoa jibu. Asasi ya UZIKWASA, yaani Uzima kwa Sanaa, ambayo kwa miaka mingi imetumia maigizo vijijini na redio ya Pangani FM kuwafanya watu wazungumzie mambo wanayoyaficha, ilishiriki kutengeneza filamu Aisha ya 2015, iliyoongozwa na Chande Omar. Ni kisa cha mwanamke anayerudi nyumbani kwa ajili ya arusi, akafanyiwa ukatili wa kubakwa, kisha akakuta kwamba walio karibu naye wangependa anyamaze kuliko adai haki. Godliver Gordian ndiye aliyebeba jina la filamu. Unaona mara moja kwa nini kazi hiyo inamhusu Shakila: ni mwanamke anayetakiwa na jamii yake awe na uso mzuri wakati wa sherehe, huku ndani ameharibiwa. Ni swali lilelile la Macho Yanacheka, safari hii likiwa na polisi, ushahidi na ndugu wanaogeuza nyuso. Na ni filamu iliyochukuliwa katika mji ambao Shakila alizaliwa, ikatoka mwaka mmoja tu kabla hajafa.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya kufanya. Mwigizaji kijana wa Tanga au Bagamoyo leo anajifunza kwa kuangalia tamthilia za Uturuki, Korea na Ufilipino zilizotiwa sauti za Kiswahili, na anachukua kwao mshtuko wa macho na pumzi ya kuvutwa. Ningependa apewe zoezi jingine. Achukue wimbo mmoja wa Lucky Star, ausikilize mpaka aujue, halafu ausimamie mbele ya wenzake bila muziki, mikono imetulia, akiyasema maneno kwa sauti ya kawaida. Wenzake watatu kati ya wanaotazama wapewe visa vya siri, mmoja ameachwa, mwingine amemwacha mtu, wa tatu ana mke mwenza, na kila mmoja ainuke atunze mshororo unaomgusa. Mwigizaji azipokee noti zote tatu kwa uso mmoja. Nasadiki kwamba mwanafunzi atakayeweza hilo hatahitaji kufundishwa tena namna ya kuikabili kamera.

Zoezi hilo linahitaji walimu, na walimu bado wapo. Kanda za Radio Tanzania zimetunza sauti. Namna ya kusimama, wakati wa kuinua mkono, jinsi ya kumtazama mtunzaji bila kumtazama, hayo yamo katika kumbukumbu za wanawake wa Ngamiani, Chumbageni na Pangani waliokaa viti vya mbele miaka ya 1960 na 1970, na za wachache walioimba. Wengi wao wamekwisha pita miaka 70. TaSUBa ina kamera na ina wanafunzi, na Tanga si mbali na Bagamoyo. Mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wakienda kukaa mwezi mmoja na kina bibi hao, wakawaomba wasimulie kwa vitendo jinsi taarab ilivyochezwa, nani aliinuka lini na mwimbaji alifanya nini, watarudi na mtaala ambao hakuna chuo kingine duniani kinao. Waende mwaka huu.